Tukijitosheleza kwa mchele, tutakuwa na afya?

Swali la msomaji: "Assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi huku Wete, Pemba. Kila mwaka tunahimizwa kulima mpunga ili Zanzibar ijitosheleze kwa chakula na wananchi wawe na afya. Lakini darasani kwangu wamo watoto wanaosinzia ikifika saa nne asubuhi, na wengine umri wao na kimo chao havilingani. Wazazi wangu wote wawili wana presha, na mama ana kisukari. Njaa hatuna. Nyumbani tuko wanane, tunakula wali mara mbili kwa siku, na kilo moja ya sukari inakwisha kwa siku mbili tu. Je, tukilima mchele wetu wenyewe, maradhi haya yatapungua? Na ile eka moja ya skuli yetu tupande nini?"

Waalaykumu ssalaam, Mwalimu. Nianze na jibu lenyewe ili usibaki ukilisubiri: kulima mchele wetu kutatupunguzia utegemezi na kutatuwekea fedha mifukoni, lakini hakutaondoa hata moja kati ya maradhi uliyoyataja iwapo sahani itabaki kama ilivyo. Mchele uliotoka bonde la Pemba na ule wa mapembe ulioshushwa bandarini kutoka ng'ambo, vikishakobolewa vikawa vyeupe, mwilini vinafanya kazi ileile. Afya ya nchi hutegemea zaidi kile kinachokaa pembeni ya wali, na kile kinachokaa pembeni ya wali hutegemea tunalima nini, tunavua nini, tunauza nini nje, na kipi kati ya hivyo mama wa nyumbani anaweza kukinunua siku ambayo mkononi ana fedha kidogo.

Tuupe kwanza mpunga haki yake kwa hesabu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima. Tuseme kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, anakula gramu 160 za mchele mkavu kwa siku, ambazo si nyingi kwa wapenda wali kama sisi. Kwa mwaka zinafika zaidi ya tani 110,000 za mchele, na kwa kuwa mpunga hupoteza karibu theluthi ya uzito wake kinuni, tungehitaji kuvuna takriban tani 170,000 za mpunga. Ardhi yetu inayofaa kumwagiliwa ni hekta zipatazo 8,500. Hata zote zingelimwa mara mbili kwa mwaka na kila hekta ikatoa tani nne kwa msimu, jambo ambalo mkulima yeyote wa bondeni atakwambia si dogo, tusingefika hata nusu ya mahitaji hayo. Skimu za umwagiliaji kama za Cheju na Kibokwa kule Unguja na Makwararani huku Pemba zinastahili kila juhudi zinazowekwa. Ninachokisema ni kwamba visiwa vyenye watu zaidi ya 700 kwa kila kilomita ya mraba, ambapo upande mkubwa wa kusini na mashariki mwa Unguja ni maweni matupu, haviwezi kuipima lishe yake yote kwa pishi la mchele.

Haikuwa hivi tokea zamani. Katika karne ya 16 na ya 17 Pemba ndiyo iliyokuwa ikipeleka mpunga na vyakula vingine Mombasa. Karne ya 19, Seyyid Said alipohimiza karafuu, vilima vikavikwa mikarafuu na mpunga ukabaki mabondeni, na kuanzia hapo tukawa watu wa kuuza zao moja na kununua chakula kwa fedha yake. Mpangilio huo haujabadilika sana. Mwaka ambao karafuu ni nyingi na bei ni nzuri, nyumba nyingi za Pemba hununua mchele wa miezi kadhaa, mabati na nguo za sikukuu. Ni nadra fedha hiyo kununua mbegu za kunde au kuku watano wa mayai. Silaumu mtu, kwani hicho ndicho tulichofundishwa kukiita neema.

Sasa tuitazame sahani yenyewe. Nimekaa katika nyumba nyingi za mashamba wakati wa chakula cha mchana, na picha hukaribia kuwa moja: sinia la wali limejaa, pembeni bakuli la mchuzi mwepesi wenye tungule moja na kitunguu, ndani yake kibua mmoja aliyekatwa vipande vinne. Kipande cha kichwa anapewa baba, vya kati wanapewa watoto wakubwa, na mtoto wa miaka miwili, ambaye ndiye anayekihitaji kuliko wote pale, anaroweshewa wali kwa mchuzi kwa sababu samaki ana miba. Tumbo la yule mtoto linajaa kabisa, na mama yake ana haki ya kusema hana njaa. Lakini mchele mkavu una takriban gramu 7 tu za protini katika kila gramu 100, na muhogo mbichi una gramu moja hivi, ilhali kunde na choroko zina zaidi ya gramu 20, na dagaa wakavu wanapita gramu 50. Mtoto aliyejazwa kwa wali peke yake tokea alipoanza kula hadi anapotimiza miaka miwili hukosa vitu vya kujengea mifupa na ubongo katika muda ambao hauwezi kurudishwa nyuma. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na wengi wao hawakulala na njaa tunayoijua sisi. Hao uliowaona darasani wenye kimo kisicholingana na umri walianza kupungukiwa kabla hujawafahamu.

Mchele mweupe una upungufu mwingine. Wishwa tunaowapa kuku ndimo ilimo sehemu kubwa ya vitamini B za punje. Daktari wa Kidachi, Christiaan Eijkman, alikuwa akifanya kazi kisiwani Java katika miaka ya 1890 pale alipoona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa wanapooza miguu, na waliporudishiwa mchele wenye wishwa wanapona. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Kwa mlaji wa leo anayepata samaki, kunde na mboga, upungufu huo hauna madhara makubwa. Kwa nyumba ambayo wali ndio chakula na mchuzi ni rangi tu, una madhara.

Nikuonyeshe mambo mawili ya hapahapa Pemba ambayo kila mwalimu anapaswa kuyajua, kwa sababu yanaeleza jinsi udongo, bahari na mwili vinavyofungamana. La kwanza ni madini joto. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba watu wa visiwani hawawezi kukosa madini joto kwa kuwa wanakula samaki. Watafiti walipokuja kupima mkojo wa watoto wa skuli mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuta kinyume chake: upungufu ulikuwepo, na Pemba ulikuwa mkubwa kuliko Unguja. Samaki tunaowala ni wachache kuliko tunavyodhani, mboga zinachukua kidogo kutoka udongo wenye kidogo, na chumvi iliyokuwa ikitumika zaidi ilitoka katika mashamba yetu madogo ya chumvi ya pwani, isiyotiwa madini hayo. Madini joto yakipungua kwa mama mjamzito, mtoto huzaliwa akili yake imepunjwa, na wala hapatakuwa na rovu shingoni la kumtambulisha. Kwa hiyo mzalishaji mdogo wa chumvi wa Pemba ana mkono katika matokeo ya mitihani ya darasa lako, na kumsaidia apate dawa ya kuchanganya na kifaa cha kunyunyizia ni kazi ya afya kama ilivyo kazi ya chanjo.

La pili ni upungufu wa damu, nami nashuku hapa ndipo lilipo jibu la watoto wako wanaosinzia, ingawa haifai kumtibu mtu kwa barua na wanahitaji kupimwa kituoni. Katika miaka ya 1990 tafiti zilizofanywa kwa watoto wa skuli wa Pemba zilionyesha kwamba safura, yaani minyoo inayoingia kwa nyayo za miguu na kunyonya damu utumboni, ilikuwa sababu kubwa ya watoto kupungukiwa na madini ya chuma. Mtoto anakula kidogo chenye chuma, na hicho kidogo anagawana na mnyoo. Ikaonekana dawa ni rahisi: wapewe vidonge vya chuma. Jaribio kubwa likafanywa kisiwani humu kwa watoto wadogo wa chini ya miaka mitatu, na matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 2006 yalibadilisha miongozo ya dunia nzima, maana watoto waliopewa chuma pamoja na asidi ya foliki bila kuangaliwa hali zao walilazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopewa, kwa kuwa malaria wakati ule ilikuwa imetapakaa. Tokea hapo Shirika la Afya Duniani linataka vidonge vya chuma kwenye maeneo ya malaria viandamane na kinga na tiba ya malaria. Malaria Zanzibar imeshuka sana hivi sasa, lakini funzo nililolichukua mimi katika kazi yangu halijapungua thamani: chuma cha kwenye dagaa, kunde na mchicha hakijawahi kumpeleka mtoto hospitali, na choo safi na kandambili ni sehemu ya lishe.

Hapo ongeza ndimu. Vitamini C iliyomo ndani ya ndimu, chungwa au embe husaidia mwili kuchukua chuma cha kwenye kunde na mboga za majani, ilhali chai inayonywewa pamoja na chakula hukizuia. Tuna mazoea mema ya kukamulia ndimu karibu kila kitu, na tuna mazoea ya kuteremshia chakula kwa chai. La kwanza tulishike, na la pili tulisogeze saa moja mbele.

Nije kwenye sukari yako, Mwalimu, kwa sababu umenipa kipimo ambacho watu wengi huona haya kukitoa. Kilo moja kwa siku mbili kwa watu wanane ni gramu 62 na nusu kwa kila mtu kwa siku. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nguvu tunayoipata kwenye chakula, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50, na ingekuwa bora zaidi isizidi gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Nyumba yako imeshapita kiwango cha juu kabla sijahesabu soda, juisi ya dukani, vitumbua na visheti, na katika hao wanane bila shaka wamo watoto ambao kiwango chao ni kidogo zaidi. Hali hii haikuja kwa ulafi. Asubuhi ya nyumba ya kawaida, chai yenye sukari nyingi na kipande cha boflo ndiyo staftahi ya bei ndogo inayopatikana kwenye kila duka la mtaani. Muhogo wa kuchemsha unahitaji kuni, muda na mtu wa kuumenya. Kinachokuja tayari, kinachokaa bila kuharibika na kinachouzwa kwa vipimo vidogo vya shilingi chache humshinda kinachooza, na hivyo ndivyo sukari, unga mweupe na mafuta ya dumu la njano vilivyoingia katika kila nyumba. Babu yako aliyekuwa akichoma nguvu ile kwa jembe na kwa kukwea minazi hakuumia nayo. Mwanawe anayekaa dukani anaumia. Na kwa presha, angalieni chumvi: isizidi gramu 5 kwa mtu kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, na iwe hiyohiyo yenye madini joto, ihifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko.

Kuhusu mafuta, wapo majirani zetu wa bahari hii wa kujifunza kwao. Mwaka 1987 serikali ya Mauritius iliona maradhi ya moyo yanazidi, ikabadilisha mafuta ya kupikia ya bei nafuu yaliyotumiwa na watu wengi: yalikuwa zaidi ya mawese, ikayafanya kuwa ya soya. Hakuna aliyelazimishwa kubadili pishi lake. Walipopima tena baada ya miaka mitano, wastani wa lehemu (kolesteroli) katika damu za wananchi ulikuwa umeshuka kutoka 5.5 hadi 4.7 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, na mabadiliko ya mafuta yalikuwa na sehemu kubwa katika hilo. Nalipenda sana tukio hili kwa sababu linaonyesha kwamba uamuzi mmoja wa nini kiingizwe bandarini unaweza kufanya kazi ambayo semina elfu haziwezi. Lakini uaminifu unanitaka niseme na upande wa pili: kisukari cha Mauritius hakikushuka, kiliendelea kupanda, maana sukari, unga mweupe na kukaa kitako vilibaki palepale. Nazi yetu nayo ina mafuta mengi yanayoganda. Sitamwambia Mpemba aache tui, ila tui likishaingia chunguni, mafuta ya dumu hayana haja ya kulifuata.

Sasa niseme jambo linaloniumiza. Kina mama wanachemsha na kuanika dagaa pwani za Kama na Mangapwani, magunia yanapakiwa, na sehemu kubwa ya dagaa hao inakwenda kulisha watu wa Kongo. Pweza bora wanaishia kwenye hoteli za watalii. Upande wa pili wa bandari tunapokea mapaja ya kuku waliogandishwa, mchele na sukari. Kwa mizani ya fedha biashara hiyo inaweza kuwa na faida, na sitaki kumnyima mama muanika dagaa soko lake, maana kipato chake ndicho kinachosomesha watoto. Lakini kwa mizani ya lishe tunatoa protini, chuma na chokaa ya mifupa, na tunapokea zaidi wanga. Ningekuwa na sauti, ningeomba kila skuli na kila kituo cha mama na mtoto kinunue dagaa moja kwa moja kutoka kwa wanikaji hao kwa bei ya soko, wasagwe, na kijiko kimoja kitiwe kwenye uji wa kila mtoto aliyetimiza miezi sita. Hapo miba haitakuwa kisingizio tena.

Na vyakula vyenyewe hatujavisahau. Ikiingia Ramadhani tunaviona vyote mezani: muhogo, majimbi, viazi vikuu, ndizi mbichi, shelisheli, kunde za nazi. Kwa mwezi mmoja futari inaturudisha kwenye sahani pana ya wazee wetu, na bei za vyakula hivyo hupanda kwa sababu miezi kumi na moja mingine hatuvilimi kwa wingi wa kutosha. Idd ikishapita, tunarudi kwenye wali na boflo. Muhogo wenyewe una maradhi ya batobato yanayopunguza mavuno, na ya michirizi ya kahawia yanayouozesha ardhini, na mbegu safi zinazovumilia zinastahili kusambazwa kwa bidii ileile tunayosambaza mbolea ya mpunga. Bondeni nako, mpunga ukishavunwa, udongo unabaki na unyevu wa kutosha kuotesha kunde au choroko, zinazokomaa kati ya siku 60 na 90, zinarudisha rutuba, na majani yake ni mboga. Mabonde mengi huachwa wazi wakati huo kwa ng'ombe.

Nimalizie na eka yenu. Msipande mpunga. Eka moja ya mpunga wa mvua itawapa watoto wenu wali wa siku chache kwa mwaka mzima. Sehemu iliyo karibu na maji wekeni mchicha, unaovunwa baada ya wiki tatu au nne, na matembele, ambayo ukishayapanda mara moja hukatwa na kuchipua tena. Katikati lisheni udongo kwa kunde, na msingoje mbegu tu. Majani yake machanga yachumwe na kupikwa. Mapapai kumi au kumi na tano mpakani yataanza kuzaa ndani ya mwaka, na rangi ile ya ndani ndiyo ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Ndimu mbili zisikosekane. Fedha ambayo mngeinunulia mbolea ya mpunga nunueni dagaa wakavu kwa gunia, na sukari ya uji wa skuli ipunguzeni kijiko kimoja kila mwezi. Ulimi wa mtoto huzoea bila kugundua. Kila upande wa uwanja pandeni mshelisheli. Haupandwi kwa mbegu, bali kwa vichipukizi vinavyotoka kwenye mizizi ya mti mkubwa, kwa hiyo mwombeni jirani mwenye mti awaruhusu kuchimbua vinne au vitano, mvikuze kivulini hadi vishike mizizi yake wenyewe, kisha mvihamishe masika yanapoanza. Huchukua baina ya miaka mitatu na sita kuzaa, na watoto mtakaowapandisha darasa la kwanza mwaka huu watakuwa bado hawajatoka skulini.